Tundu la Mzigo

Msimamizi wa kituo aliishika tiketi kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika mkia wa panya. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, kisha akairudisha mezani.

"Ni yetu," alisema. "Tiketi ya kuunganisha. Treni moja, basi moja, ndani ya saa mbili. Imegongwa Kituo cha Mwisho saa mbili na dakika kumi asubuhi, ikagongwa tena kwenye basi namba sita saa tatu na dakika arobaini. Sioni fumbo hapo."

"Ndivyo nilivyoandika," alisema Inspekta.

Na kweli ndivyo alivyoandika. Jalada lilikuwa mapajani mwake, nene, limefungwa kamba mpya, na saa nane mchana huo lilitakiwa liwe juu ya meza ya mwendesha mashtaka. Habari yake ilikuwa fupi. Mzee mmoja fundi saa, mwenye karakana kule Kituo cha Mwisho, alikutwa amekufa chini ya meza yake ya kazi, kichwa kimepasuka, droo ya fedha imevutwa nje na haina kitu. Majirani walisikia kishindo kama saa moja na nusu asubuhi. Mwezi mmoja nyuma, mzee huyo alikuwa amemfukuza kazi msaidizi wake kwa maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia. Msaidizi alikaa mjini, na aliapa kwamba tangu afukuzwe hajakanyaga huko. Kesho yake Inspekta akampekua, akamkuta na tiketi hii kwenye mfuko wa shati.

Orodha ya vilivyopotea ilitolewa na mpwa wa marehemu, muuza mbao, ndugu pekee aliyebaki. Fedha za droo, basi, hakuna kingine. Mpwa alikuwa mtu mstaarabu. Yeye hakutoka mjini siku ile, alisema, na habari za mjomba zilimkuta kazini. Aliwakaribisha Inspekta na Koplo wake chai sebuleni, na saa yake ya ukutani ilipopiga, ikanyamaza, kisha ikaongeza kengele moja peke yake, aliwaomba radhi. "Msamehe bure huyo. Yumo humu ndani tangu mimi natambaa." Wakacheka wote watatu.

Sasa ilikuwa siku ya kumi na nane msaidizi yuko mahabusu. Siku ya saba mkewe alijifungua. Msaidizi aliomba akamwone mtoto, na Inspekta akamjibu kwamba mtoto hana haraka ya kumjua baba wa namna ile.

Kilichomleta kituoni kilikuwa kipengele kidogo tu: apate mfanyakazi wa langoni wa kusema kwamba alimwona mtuhumiwa akishuka. Alidhani angemaliza kabla chai ya saa nne haijapoa. Lakini Koplo, aliyekuwa amesimama mbele ya ratiba ya ukutani na mikono nyuma, alikuwa ameanza kuhesabu.

"Treni ya saa mbili na kumi inafika hapa saa ngapi, mzee?"

"Saa tatu kasoro dakika nane," alisema msimamizi. "Na siku ile haikuchelewa. Kitabu ninacho."

"Basi namba sita je?"

"Kila baada ya dakika kumi."

Koplo akageuka. "Afande, basi linaondoka hapo nje tu, mtu anafika kabla hajamaliza kupiga chafya. Huyu alikaa dakika arobaini na nane akifanya nini?"

"Alikuwa anaficha fedha. Ukurasa wa kumi na moja."

"Naujua, niliuandika mimi. Lakini tulipekua vyoo, makabati ya abiria, mpaka ndoo za wafagiaji. Alizificha wapi, kwenye kofia ya msimamizi?"

Msimamizi akajikuta ameigusa kofia yake.

Inspekta aliitazama tena tiketi. Kijikaratasi cha kielelezo kilining'inia kwenye pembe yake ya juu kwa uzi mweupe, fundo alilolikaza mwenyewe. "Tiketi inaweza kupita mkono hadi mkono?"

"Kwetu hakuna mchezo huo," alisema msimamizi. "Tiketi ni ya aliyeinunua. Anayempa mwenzake ana kosa, anayepokea ana kosa, na mfanyakazi anayefumba macho anakwenda nyumbani siku hiyo hiyo bila kiinua mgongo."

Aliyasema kwa sauti kubwa kidogo kuliko chumba kilivyohitaji.

* * *

Abiria wanaobadili kwenda kwenye mabasi hutokea Lango la Tatu. Lilikuwa lango la zamani: fito za chuma, nguzo mbili za mbao zilizopakwa rangi ya kijani mara nyingi hata pembe zake zikawa mviringo, na kando ya nguzo ya kulia, juu ya kiti kirefu, mwanamke wa makamo mwenye koleo la kutobolea tiketi. Kituo kizima kilimwita Mama Koleo. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi pale, na mkono wake ulitoboa wenyewe huku macho yakisalimia watu.

Inspekta na Koplo walikaa kwenye benchi lililoelekea lango. Treni ikaingia, umati ukamiminika.

"Yule nesi," alinong'ona Koplo.

Nesi mwenye sare alipita langoni, akaonyesha tiketi yake, akaishika nguzo kama mtu anayetaka kujiweka sawa kiatu. Alipoondoa mkono, tiketi haikuwepo. Baada yake fundi bomba mwenye mfuko wa vyuma akafanya vilevile. Dakika tano zikapita. Mzee mwenye bakora akaja kutoka upande wa mjini, akaegemea nguzo, akapumua, akaondoka kuelekea mabasini na tiketi kiganjani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Walikuwa kama watu waliofanya mazoezi.

Koplo aliinuka, akapita karibu na nguzo, akarudi. "Kuna ufa, afande. Mrefu kama kidole changu. Imo moja sasa hivi. Anayeishia hapa na bado tiketi yake ina muda wa basi, anamwachia asiye na nauli."

Inspekta aliendelea kuitazama nguzo. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Alikuwa anaikumbuka asubuhi ile ya mahojiano. Msaidizi wa fundi saa alikaa kitako, mikono juu ya meza, akasema, "Niliiokota." Naye Inspekta akauliza, "Na kesho utaokota behewa zima?" Askari waliokuwa mlangoni waliangua kicheko. Mtuhumiwa akanyamaza, na tangu hapo hakufumbua tena kinywa. Ndipo Inspekta alipomgeukia Koplo akamwambia: andika, mtuhumiwa hana maelezo.

"Niliandika ulichoniambia," alisema Koplo polepole, kana kwamba naye alikuwa chumba kilekile.

"Najua."

Walimfuata Mama Koleo kwenye chumba cha mapumziko, kibanda chenye meza moja na birika. Aliwakaribisha kwa sauti ya mtu aliyezoea wageni.

"Karibuni wanangu. Mmepoteza mzigo?"

"Mama, mimi ni polisi. Ule ufa ulianza lini?"

"Ufa gani?"

"Mama, nimekaa pale nusu saa."

"Mbao ya zamani hiyo. Lazima ipasuke."

"Na tiketi huota humo?"

Mama Koleo alimimina chai, hakuinywa. "Nimebakiza miezi minne nistaafu," alisema. "Miezi minne tu, bwana mkubwa. Kama umetumwa na msimamizi, niambie nijue."

Inspekta akaweka picha ya msaidizi mezani. Uso wa mama ukachanua kabla hajaweza kuuzuia.

"Fundi wangu huyu. Mkewe alilazwa, ujauzito una matatizo, daktari kamkataza hata kuinuka. Kijana hana kazi, kila siku lazima aende. Siku hizi haji. Nikasema mke katoka salama, Mungu ni mwema."

"Yuko mahabusu. Anashitakiwa kwa kuua."

Mkono wa Mama Koleo, ule ambao haukutulia miaka ishirini na miwili, ukatulia.

"Kwa ushahidi upi?"

"Huu."

Aliipokea tiketi. Kwanza alisoma mihuri kwa macho yaliyosinyaa, kisha kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye pembe ya juu, juu ya uzi. Akakunja uso.

"Nani kapitisha uzi kwenye tundu la mzigo?"

"Tundu la nini?"

"Tundu la mzigo, mwanangu. Ukipanda na mzigo mkubwa unalipa nauli na nusu, unatobolewa hapa juu. Mtu mikono mitupu hana tundu hili." Alimtazama. "Ulidhani ni la kufungia kamba?"

Ndivyo alivyodhani. Alikuwa amelikuta tundu pale, limekaa mahali pazuri, akapitisha uzi akakaza fundo, na fundo likaziba jambo pekee ambalo tiketi ile ilikuwa ikisema. Koplo alitazama dirishani ili asimtazame yeye.

"Tiketi za mzigo haziachwi sana pale," aliendelea Mama Koleo. "Mwenye mzigo mikono yake imejaa, ufa hauwazi. Ndiyo maana hii naikumbuka. Aliileta mtu mzima mwenye koti la kahawia, amekumbatia kitu kwenye blanketi kama amebeba mtoto. Kufika kwangu, saa tatu kamili, kitu kikapiga kengele humo ndani. Watu wakageuka. Kikapiga weee, kikanyamaza. Nikasema kimemaliza. Kumbe bado, kikaongeza moja."

Koplo aligeuka kutoka dirishani.

"Foleni nzima ilicheka," alisema Mama Koleo. "Yeye hakucheka. Jasho linamtoka, lakini tiketi akaichomeka kwenye ufa. Nikasema moyoni, huyu ana shida zake na bado kawakumbuka wenzake. Baadaye fundi wangu akaja, akaichomoa, akaniuliza: mama, hii ina tundu la mzigo nami sina mzigo, basi litanikubali? Nikamwambia nenda mwanangu, mzigo ni wa mwenzio, safari ni yako."

Chai ilikuwa imepoa katika vikombe vyote vitatu.

"Nahitaji haya kwa maandishi," alisema Inspekta.

"Nikiandika, ufa utazibwa?"

"Utazibwa."

"Na mimi?"

Angeweza kumdanganya. Alikuwa na sauti ya kufanyia kazi hiyo, ilikuwa imemsaidia mara nyingi. "Sijui, mama," alisema. "Nitasema kwa msimamizi yote ninayoweza kusema. Lakini sijui."

Mama Koleo aliivua kofia ya kazi, akaiweka mezani kando ya koleo.

"Siku kumi na nane," alisema. "Kijana yuko ndani, na mimi nakaa pale natoboa tu. Lete kalamu."

* * *

Mahabusu alikuwa amekonda. Aliingia, akakaa, akaweka mikono juu ya meza vilevile kama mara ya kwanza.

"Ulisema uliiokota," alisema Inspekta.

"Nilisema."

"Sikuandika."

"Nilikuona hukuandika."

"Kwa nini hukuniambia uliiokota wapi?"

Kijana alifikiri kidogo, si kwa hasira. "Ulikuwa unacheka, afande. Mtu anayecheka nimkabidhi mama wa watu?" Akasogea mbele. "Yeye yuko salama?"

"Ameandika maelezo mwenyewe, kwa ajili yako."

Kijana alifumba macho, na kwa mara ya kwanza Inspekta alimwona akikaribia kulia.  Inspekta alikuwa na swali moja tu, na alilitaka jibu lake lisiwe na kichocheo chochote.

"Karakana ya mzee ilikuwa na saa nyingi. Kulikuwa na yoyote yenye kasoro katika kupiga?"

"Zote zilikuwa na kasoro, ndiyo maana zililetwa." Kisha akasema, "Unaulizia ile inayoongeza moja? Ya marehemu dada yake mzee. Miaka sita ipo rafuni. Mzee alikataa kuitengeneza, alisema siku akiitengeneza itabidi airudishe. Mpwa wake alikuwa akiifuata kila mwisho wa mwezi. Wanagombana, anaondoka mikono mitupu."

Inspekta alifungua jalada, akachukua ukurasa wa mahojiano, na chini ya maneno *mtuhumiwa hana maelezo* akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Si kweli. Alisema aliiokota. Nilimcheka, nikaamuru isiandikwe.* Akatia sahihi, cheo na tarehe. Koplo alisoma juu ya bega lake.

"Afande, hiyo itakugharimu."

"Mpigie mwendesha mashtaka, mwambie jalada haliji. Dhamana ya huyu naiandika sasa hivi. Kisha chukua gari langu umpeleke kwa mwanawe."

"Na wewe kwa mpwa utakwenda na nini?"

"Namba sita inapita kwake."

"Niongeze askari wawili wa kukusindikiza?"

"Mtu aliyeacha tiketi kwenye ufa ule hatakimbia," alisema Inspekta. "Lakini niletee pingu. Hesabu zangu siziamini tena."

* * *

Mpwa alifungua mlango saa kumi kasoro dakika mbili. Koti la kahawia lilikuwa limetundikwa nyuma yake.

"Inspekta. Karibu, karibu ndani. Peke yako leo? Chai ipo motoni. Kesi imekwisha?"

Inspekta alikaa kwenye kiti kilekile cha mara ya kwanza. Aliitoa tiketi, bila uzi safari hii, akailaza juu ya kitambaa cha meza. Mpwa aliitazama, akabaki amesimama na vikombe viwili mkononi.

Ukutani saa ikaanza kupiga. Ilipiga mara nne. Ikanyamaza. Wote wawili walingoja, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko ukimya wowote ambao Inspekta aliwahi kuutumia kumvunja mtu. Kisha ikaongeza moja.

"Hii uliiacha Lango la Tatu," alisema Inspekta.

"Watu wengi huacha."

"Yenye tundu la mzigo ilikuwa moja. Na saa hiyo haijakuwepo humu tangu unatambaa. Ina siku kumi na tisa."

Mpwa aliviweka vikombe chini, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa.

"Mama alikufa anaiulizia," alisema. "Miaka sita mjomba ananiambia njoo kesho. Asubuhi ile nikasema leo siondoki bila hii. Akaishika upande wake, nikaishika wangu. Nilimsukuma tu, Inspekta. Kile kichwa kiligonga ukingo wa meza. Nilimwita, hakuitika."

"Na droo?"

"Nilitaka ionekane mwizi."

"Ionekane msaidizi wake."

"Sikumtaja mtu. Angalia maelezo yangu, jina lake halimo. Nyie ndio mlimtaja."

Ilikuwa kweli tupu, na Inspekta alijua.

"Tiketi kwa nini?" aliuliza. "Ungeitupa tu. Ungeimeza."

Mpwa alikaa. Alionekana mzee ghafla, mzee kuliko mjomba wake kwenye picha za jalada. "Huwa naiacha kila nikipita pale, maana kazini kwangu si mbali na lango. Siku ile nilipofika langoni nikaona, nimetoka kumwacha mtu wa damu yangu sakafuni. Nikataka nifanye japo jambo moja jema kabla siku haijaisha. Nikasema itamsaidia mtu."

"Ilimsaidia. Ilimfikisha hospitali kwa mkewe."

"Afadhali."

"Ndiye huyo huyo. Kesho yake nilimkuta nayo."

Mpwa hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akauficha uso wake kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika bila sauti.  Huyu aliyempa kijana sumu hakujua ni sumu; Inspekta mwenyewe ndiye aliyemshikilia kijana mdomo akamnywesha.

"Ishushe saa," alisema. "Ni kielelezo."

Mpwa aliishusha mwenyewe, akaifunga kwenye blanketi lilelile, akaikumbatia. Pingu zilibaki mfukoni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekwisha kujaa.

Kituoni walisimama na watu wengine mpaka namba sita ikafika. Wakapanda. Kondakta alipita akikata tiketi, akaliona blanketi, akasimama.

"Mzigo unalipiwa huo. Ni wa nani?"

Mpwa alifungua mdomo, lakini Inspekta alikuwa amekwisha kutoa nauli.

"Wa wote wawili," alisema. "Toboa zote."